Maziwa Kwenye Maji ya Jioni

Maringo alikuwa ng'ombe wa shangazi kwa kununua, lakini wangu kwa kukamua. Kwa hiyo Mpimaji wa gari la maziwa aliporudisha maziwa yetu kwa mara nyingine, nilijua kitakachofuata kabla shangazi hajafungua mdomo.

Huyo Mpimaji hana maneno mengi. Anachota maziwa kidogo, anayachanganya na spiriti kwenye kichupa cha kioo, anakiinamisha kwenye mwanga. Yakiteleza safi, anayamimina kwenye tangi la gari. Yakiacha chembechembe kwenye kioo, anakurudishia keni yako na kukutakia siku njema. Maziwa ya asubuhi hayakuwa na shida, maana yalitoka kwenye chuchu yakaenda moja kwa moja barabarani. Shida ilikuwa kwa yale ya jioni, ambayo lazima yalale hadi gari lije asubuhi.

Zamani yalilala mtoni. Shangazi aliitumbukiza keni kwenye mto unaopita nyuma ya zizi, na maji yalishuka kutoka kwenye theluji ya mlimani yakiwa na baridi ya kuuma mifupa. Theluji hiyo sasa imebaki kama kofia ya mtoto kichwani mwa mtu mzima. Halafu likajengwa bwawa la umeme huko juu, maji mengi yakaingizwa kwenye bomba, yakatuzunguka, yakaenda kutokea chini kwenye mtambo. Sisi wa katikati tuliachiwa mto mwembamba, unaotambaa juu ya mawe yaliyoshinda juani. Ukitia mkono jioni unadhani kuna mtu amekutengea maji ya kuoga.

Shangazi alisema tukirudishiwa tena, Maringo anakwenda kwa shemeji yake, na hataki kuona mtu ananuna. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anamkuna Maringo nyuma ya sikio.

Basi nikawa natafuta baridi kama mtu aliyepoteza sindano. Nikajaribu magunia yaliyoloa, nikajaribu kivuli cha ukuta, wapi. Jioni moja nikashuka hadi karibu na mtambo kukata majani. Nikavuka pale maji yanapotokea bombani, miguu ikafa ganzi. Nikarudi nikavuka tena, nisije nikawa najidanganya.

Fundi wa mtambo, tunayemwita Swichi, alikuwa amekaa kwenye ngazi anakula karanga. Akaniuliza kama nimepoteza kiatu. Nilipomweleza alicheka, lakini akanijibu vizuri. Maji ya bomba huvutwa kutoka chini kabisa ya bwawa, kwenye kiza ambako jua halifiki. Ila hayatoki muda wote. Siku hizi bwawa halijai kama zamani, kwa hiyo huyatunza mchana na kuyafungulia jioni, watu wanapowasha taa na kupika. Wakishalala, anafunga. Na king'ora cha kufungulia maji kikilia, akaniambia, usiwe ndani ya mto hata kama umesahau mguu wako humo.

Nikayawaza hayo njia nzima. Baridi ilikuwepo, tatizo ni kwamba ilikuwa inapita. Ilibidi niikamate.

Kesho yake nikamrudia Swichi, akanionyesha mahali pembeni ambapo maji hufika yakiwa yametulia. Nikachimba shimo, nikalizungushia mawe, ili mto ukipanda jioni ulijaze, na ukishuka uliache limejaa. Shangazi akaja kukagua, mikono kiunoni.

"Wamechukua mto wetu mzima," akasema, "sasa wanatukopesha jioni kwa jioni."

"Tukope tu, shangazi."

Kumbe siku hiyo alikuwa amechota maziwa ya chai bila kuniambia, keni ikabaki nusu. Tukaiweka shimoni, tukapanda ukingoni, king'ora kikalia. Maji yakaingia taratibu. Keni ikasimama, ikayumba, ikapita juu ya mawe na kuondoka zake. Shangazi, ambaye magoti humuuma kila ikitajwa kazi ya shamba, alitimua mbio ukingoni akiiita ile keni kama mtoto mtundu. Ilikwama kwenye matete huko chini, na Swichi akaivuta kwa mti mrefu, amekunja uso ili asicheke.

"Keni nusu ni mtumbwi, mama," akamwambia. "Ijaze hadi shingoni, uifunge kamba, uiwekee na jiwe juu."

Maziwa ya jioni hiyo tuliyanywa wenyewe, na Swichi akapata kikombe kikubwa.

Kesho yake tukajaza, tukafunga, tukaweka jiwe. Shangazi hakunywa chai ya maziwa, na alihakikisha nalijua hilo. Asubuhi mto ulikuwa umeshuka na shimo limejaa. Nilipoishika keni, baridi ikanipanda hadi kwenye kiwiko.

Barabarani Mpimaji akachota, akachanganya, akainamisha. Nilikuwa naangalia kioo, shangazi anamwangalia usoni. Maziwa yakateleza safi.

"Hebu angalia tena," shangazi akamwambia.

Akaangalia tena, kisha akamimina yote kwenye tangi.

Njiani tulisimama kila nyumba. Nyumba ya kwanza, shangazi alieleza jinsi mimi na yeye tulivyofikiria. Ya pili, jinsi alivyofikiria yeye nami nikamsaidia kuchimba. Tulipofika kwa shemeji yake, mimi nilikuwa nimeshatoka kabisa kwenye hadithi, na keni iliyokimbia pia. Shangazi alikataa hata kuketi.

"Maringo haendi popote," akamwambia. "Ana kazi."

Nikawaacha wakitaniana, nikaenda kumkatia majani.