Bibi Maroca Anakufa Ukurasa wa Mwisho

Saa kumi alasiri Francineide alikuwa akigeuza chapati ya muhogo kikaangoni marehemu mwandishi alipoingia kwa mlango wa uani, akapangusa viatu, akaketi. Alikufa zamani sana na sanamu yake iko uwanjani, lakini kila anayeandika riwaya hapa Ceará, Brazili, humwekea kahawa. Usipomwekea anakuja vilevile, ila amenuna.

Francineide alikuwa akiandika habari za bibi yake, Maroca, Mtremembé, wa kabila la wenyeji wa asili wa pwani hii, aliyezaa watoto tisa na kumtimua mwenye shamba kwa panga. Bibi huyo, mzima wa afya, alitaka jambo moja tu kabla hajafumba macho: asomewe kitabu ambamo mwanamke wa kwao anabaki hai hadi mwisho. Marehemu, katika riwaya yake maarufu, alikuwa amemuua kwa mapenzi msichana wa wenyeji hao wa asili, taifa zima likalia, na waandishi wote wakamfuata.

Kila jioni Francineide alimwacha Maroca hai. Asubuhi wino umejipanga upya, Maroca amelala chini ya mkorosho, maua kifuani. Jirani yao Gildásio aliandika kisa cha polisi, na inspekta wake mnene mwenye masharubu akafa hivyo hivyo, na maua juu.

"Safari hii mwache, Mzee," Francineide alisema.

"Binti yangu, mimi sigusi kitu." Marehemu alichovya sukari guru kwenye kahawa kwa masikitiko. "Nikikaa karibu tu, wanakufa."

Bibi Maroca aliingia na ungo wa korosho alizobangua. "Huyu naye! Kaniua tena?"

"Tena, Bibi."

"Nimevaa nini?"

"Gauni jeupe."

"Afadhali. Juzi kaniacha uchi, na upepo wote huu!"

Marehemu aliomba radhi, akampisha kiti. Walipatana sana wale wawili.

Mwishowe kitabu kilitoka na kifo cha Maroca vilevile, kikapata tuzo. Siku ya kukisoma uwanjani watu walilia kwa kwikwi. Bibi Maroca, mstari wa mbele, alikula keki akimtazama mjukuu wake kwa furaha tele. Mama mmoja wa mjini, aliyeketi kando ya Bibi bila kumjua, alimpa leso.

"Inauma, mama. Na kabila lake lote lilishakwisha, maskini."

"Ndivyo tunavyosomewa," alisema Bibi Maroca, akamsogezea sahani ya keki.