Jumamosi Mia Tatu za Wendell

Siku kumi za kuikagua nyumba kabla ya kuinunua zilikuwa zinakwisha saa kumi na moja jioni ile. Odile na mumewe wakichelewa kujitoa, dola elfu kumi na tano walizotanguliza zingekwenda na maji, au Odile awe mwenye nyumba ya shamba iliyojengwa mwaka 1840 huku Vermont, Marekani, atake asitake. Ndiyo maana alimleta fundi Tatro, mzee asiyejua kumbembeleza mtu wala ukuta.

Nia ilikuwa njema. Bi Léonie, mama yake Odile, alianguka kwenye ngazi mwezi Machi, na nyumba yao ya mjini vyumba vyote vya kulala viko ghorofani. Huku kulikuwa na chumba cha chini, upande wa jua, choo kikiwa jirani. Saa hiyo Bi Léonie alikuwa amekaa garini, blanketi magotini, kwa kuwa mbao za baraza zilikuwa zimeoza zisiweze kumbeba hata yeye, mwembamba vile.

Tatro alishuka chini ya nyumba, akachomeka bisibisi kwenye boriti inayobeba ukuta mzima. Ikazama hadi mpini. Nyumba itabidi iinuliwe kwa jeki, akasema, na akataja bei. Wendell, mume wa Odile, akaandika sifuri kwenye daftari lake.

"Hiyo nitafanya mwenyewe."

Sakafu ya chumba cha mama, sifuri. Nyaya za umeme za enzi za mababu, sifuri tena, ana rafiki yake watasaidiana. Huu ndio ugonjwa wa wanaume wa huku. Mtu akishakuwa na msumeno wa umeme na pikapu, basi jasho lake halina bei, gharama anayoijua ni misumari tu. Odile alikuwa amechoka, amechoka kweli kweli. Dari ya jikoni kwao mjini, Wendell alianza kuitengeneza binti yao akiingia darasa la kwanza. Binti ameshaolewa, dari bado mbavu nje.

"Haba na haba hujaza kibaba, mke wangu," Wendell akamtuliza.

"Kibaba chako kimetoboka, Wendell. Mimi ndiye napika chini yake."

Akamnyang'anya daftari, akampa Tatro. Alimwomba aziache bei, aandike kila sifuri ile ni saa ngapi za kazi. Mzee alilowesha ncha ya penseli kwa ulimi na kujumlisha bila haraka, Wendell akichungulia begani kwake.

"Saa elfu mbili na mia nne," alisema Tatro. "Jumamosi mia tatu. Ukitoa Novemba, maana najua hutaacha kuwinda kulungu, ni miaka sita na ushee. Hapo mgongo haujakuuma."

Wendell alisema basi wataanza na chumba cha mama. Tatro akatikisa kichwa: sakafu ile imelalia boriti zilizooza, haiguswi mpaka nyumba iinuliwe, ishushwe, itulie. Chumba cha mama kingekuwa cha mwisho.

"Mama ana miaka themanini na saba," Odile alisema. Hakupaza sauti. "Nenda ukamwambie wewe."

Wendell alikwenda. Odile alimpigia dalali simu kumwambia wanajitoa, akasimama mlangoni akimtazama mumewe. Hasira zake zilikuwa hazijaisha. Bi Léonie alishusha kioo cha gari.

"Dirisha langu ni lipi, mwanangu? Nimekuwa nikibahatisha tangu tufike."

Wendell aliinua mkono kuelekea upande wa jua, kisha akaushusha.

"Hapa hatuhamii, Mama."

Bi Léonie aliitikia kwa kichwa polepole, akalivuta blanketi. Odile alikuwa ameshinda, na kwa mara ya kwanza siku ile alitamani mumewe angedanganya.