Kadi Isiyo na Feni

Kaka yangu alinunua kadi ya picha ya kompyuta yenye feni tatu, utadhani ilitaka kuruka. Ile ya zamani ilikuwa imeungua, na kompyuta inayoongoza mashine yetu ya kukata chuma haikuonyesha kitu. Mwenye duka alimwambia hakuna kadi yenye nguvu kuliko hiyo. Aliniletea habari hizo kifua mbele, na mimi, fundi wa kompyuta wa karakana yetu, nikanuna.

Kompyuta ya mashine haihitaji nguvu, inahitaji kutochelewa. Kila mara hutuma amri kwenye mota, na amri ikichelewa hata kidogo, kisu hukwama ndani ya chuma. Ndiyo maana tunaipima kwanza: kuna programu inayoonyesha ucheleweshaji mkubwa kuliko wote. Namba ikiwa chini ya ishirini, ni salama. Kaka aliipima kutwa nzima, akapata kumi na mbili, akaniambia sasa nipunguze mdomo.

Kesho yake kisu kilivunjika. Kipande kilimchana Kaka shavu, chini kidogo ya jicho.

Nilimfunga bandeji. Nilimuuliza aliipimaje. Akasema aliiwasha, akafunga mlango ili mtu asiiguse. Kumbe kosa lilikuwa hapo hapo: kioo kilitulia, kadi haikuwa na kazi ya kufanya, na kadi kubwa huchelewesha amri pale inapochora. Nilishika kipanya nikaburuta dirisha moja tu huku na huku, namba ikapanda mpaka mia tatu. Kaka aliitazama, akajigusa bandeji.

Nilipekua maduka yote. Kadi ndogo za zamani, zisizochelewesha kitu, hazipo tena, na mbili nilizopata zilikuwa mbovu. Nzima niliyoijua ilikuwa moja, haina hata feni, ndani ya kompyuta ya marehemu Baba. Mama huiwasha kila asubuhi, akaitazama picha ya Baba inayotokea kwenye kioo, ndipo anywe chai. Ile kadi mpya isingeweza kukaa pale, maana ilitaka umeme mwingi kuliko uwezo wa kompyuta yenyewe; nikiing'oa ya Baba, kioo cha Mama kingebaki cheusi.

Siku mbili nilianza kumwambia Mama, nikayameza maneno. Siku ya tatu Mama mwenyewe aliniuliza bandeji ya kaka yangu ni ya nini. Nikamweleza yote. Nikajuta kufungua kinywa.

"Baba yako ameshaondoka, mwanangu," alisema. "Jicho la kaka yako bado lipo. Ing'oe."

Nilinakili picha ya Baba kwanza, kisha nikaing'oa kadi. Mama akasema anataka kuona inakokwenda, tukaongozana naye mpaka karakana. Nilipoifunga na kuanza kupima, nilimwambia lazima mtu aburute kitu kwenye kioo muda wote. Akavuta stuli. Nikamfungulia picha ya Baba, nikamwonyesha jinsi ya kushika kipanya.

Aliiburuta polepole kutoka pembe hii hadi ile, saa nzima. Namba ilifika kumi na nne, ikagoma kupanda. Kaka alinong'ona kwamba inatosha, tunaweza kukata. Nikamgusa Mama bega, nikamwambia apumzike.

"Bado," alisema, macho yake kwenye kioo. "Niache nimtembeze kidogo. Karakana hii aliijenga yeye."

Kaka akakiweka kisu kipya mezani, akavuta stuli yake, tukakaa.