Jamleck Alivyomdunga Ng'ombe wa Mugure

Shiru alikuwa mkalimani katika mahakama moja ndogo upande wa Nakuru. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amesimama kati ya kizimba na meza ya hakimu, akigeuza Kikuyu kuwa Kiingereza na Kiingereza kuwa Kikuyu, na hakuna siku aliyowahi kuomba neno lake lifutwe.

Jumanne hiyo aliletwa mkulima wa Dundori aitwaye Jamleck Thuo. Alikuwa mzee wa miaka kama sitini, mwenye sweta ya kijani na gambuti zilizooshwa vizuri. Karatasi ya mashtaka ilisema kwamba kwa makusudi alim-"stab" ng'ombe wa jirani yake Mugure kwa kisu, na ng'ombe huyo akafa siku sita baadaye.

Shiru alimsomea kwa Kikuyu. Kwa "stab" alitumia gũtheeca, yaani kudunga, kwa kuwa ndilo neno lililopo.

"Ni ukweli," Jamleck akajibu bila kusita. "Nilimdunga. Na ilikuwa makusudi, si bahati mbaya."

Shiru akamgeukia hakimu na kusema kwa Kiingereza kwamba mshtakiwa amekubali, ame-"stab", tena kwa makusudi. Watu waliokaa kwenye mabenchi wakaguna. Mugure, aliyekuwa benchi la mbele amejifunga leso kichwani, alifumba macho.

"Hata angekuwa wangu ningemdunga," Jamleck akaongeza.

Hilo nalo Shiru akalitafsiri. Hakimu, mama mmoja asiyejua Kikuyu na asiyependa maneno mengi, akaandika. Mwendesha mashtaka, Bwana Kemboi, akaomba maelezo ya kesi yasomwe saa nane kwa sababu faili ilikuwa bado iko njiani. Baada ya hapo ingebaki hukumu tu.

Shiru hakwenda kula. Alikaa kwenye chumba cha makarani akijiuliza ni mtu gani anayekiri kosa huku amesimama wima hivyo. Alikuwa ameona wengi wakikiri. Wengine hulia, wengine huangalia viatu vyao, wengine hukasirika. Huyu alikuwa amemwangalia Mugure kama mtu anayengoja kuambiwa asante.

Juu ya kabati kulikuwa na kamusi kubwa ya Kiingereza iliyong'oka jalada. Akaishusha, akatafuta "stab", kisha akaanza kufuata maneno yaliyo jirani yake, moja likimpeleka kwa lingine. Ya kwanza ilikuwa na hasira na nia ya kuumiza. "Prick" ilikuwa ya mwiba na sindano. "Pierce" ilimkumbusha siku alipotogwa masikio. "Bore" ilikuwa ya watu wa visima. "Lance" ilikuwa ya daktari anayepasua jipu ili usaha utoke, na hiyo hakuwahi kuitumia hata mara moja. Alipofika kwenye "puncture" akacheka peke yake, maana hiyo ilikuwa panchari tu, ile ya kila fundi wa magurudumu kando ya barabara.

Halafu kicheko kikamwisha. Nesi humdunga mtoto chanjo. Mwiba hudunga mguu. Mwizi humdunga mtu kisu. Kwa Kikuyu hayo yote ni neno moja, na hata Kiswahili cha huku kwetu ni vivyo hivyo. Alikuwa amempa mzee neno pana, mzee akalikubali, naye akamrudishia hakimu lile jembamba lililokuwa kwenye karatasi. Je, huyu mzee alifanya lipi kati ya haya?

Saa nane Kemboi aliposimama kusoma maelezo, Shiru naye akasimama.

"Mheshimiwa, naomba kurekebisha tafsiri yangu ya asubuhi."

"Mkalimani si wakili wa mshtakiwa," Kemboi akasema.

"Mimi si wakili. Lakini neno lililoandikwa hapo ni langu. Si lake."

Hakimu alivua miwani, akamtazama.

"Kosa liko wapi?"

"Mheshimiwa, alisema alidunga. Hakusema alidunga namna gani, na mimi sikujua. Nilichagua tu."

Hakimu akakunja midomo. "Basi muulize. Alidungaje, wapi, na kwa nini."

Jamleck alishangaa kuulizwa. Alikuwa amedhani kila mtu anajua. Akaeleza polepole, huku Shiru akimfuata.

Ng'ombe alikuwa ameruka ua akaingia kwenye kabichi zake zilizolowa mvua. Alipomkuta, tumbo lilikuwa limefura upande wa kushoto, limekaza kama ngoma, na ulimi uko nje. Mugure alikuwa ameenda Nakuru na simu yake imezimwa. Daktari wa mifugo alikuwa Elburgon.

"Nikaleta kisu cha jikoni. Nikapima shubiri moja kutoka mfupa wa nyonga, hivi." Alitandaza vidole juu ya ukingo wa kizimba. "Baba yangu ndiye alinionyesha. Nikadunga hapo, nikageuza kisu kidogo. Hewa ikatoka na kelele kama gurudumu. Nikachomeka kipande cha mrija wa kunyunyizia dawa, tundu lisizibe. Akasimama. Akaanza kucheua."

"Alikula kabichi zako," Kemboi akasema. "Hukukasirika?"

"Nilikasirika sana. Ndiyo maana nikapima mara mbili, mkono usinidanganye."

Shiru akamgeukia hakimu. Alisema "punctured", akaomba iandikwe hivyo. Hakimu akapiga mstari juu ya maandishi ya asubuhi, akaandika kwamba mshtakiwa amekana, na kesi ikapangiwa kusikilizwa.

Ilisikilizwa mwezi wa saba. Daktari wa mifugo, Chesang, alieleza kwamba mahali alipodungwa ng'ombe ndipo yeye mwenyewe angemdunga. Hakumficha mzee: kisu hakikuwa safi, kidonda kikaoza ndani, na hicho ndicho kilichomuua. "Lakini bila hilo tundu," akasema, "asingemaliza saa moja." Jamleck alipotafsiriwa habari ya kisu aliinamisha kichwa kwa mara ya kwanza. Akaachiliwa siku hiyo hiyo.

Nje kwenye veranda, Shiru alipita na mafaili akawakuta Jamleck na Mugure wamesimama mbalimbali kidogo, kama watu ambao bado hawajaamua.

"Kwa nini hukuniambia, Baba Maina?" Mugure alimuuliza mzee. "Miezi miwili yote hii."

"Nilikuambia. Ulipofika kwa geti nilikuambia nimemdunga ng'ombe wako."

"Ukiwa na kisu mkononi! Na damu! Ng'ombe amesimama hana shida, tumbo limerudi chini. Mimi ningejua nini? Na vile tumekuwa tukigombana juu ya ule ua."

Jamleck akafikiria. "Ilifaa nianze na tumbo," akasema. "Ni kweli. Ningeanza na tumbo."

Mugure alifuta macho kwa ncha ya leso. Kisha akasema kwamba amebaki na mtamba mmoja, mwenye mimba, naye anaruka ua kuliko mama yake.

"Hiyo shubiri," akauliza, "inaanzia wapi hasa?"

Mzee akageukia ukuta wa mahakama, akachora mgongo wa ng'ombe kwa kidole, akamwekea alama ya mfupa. Mugure akasogea karibu, akatandaza mkono wake mwenyewe juu ya ukuta. Ulikuwa mfupi kuliko wa Jamleck, na wakaanza kubishana kama shubiri yake itafika mahali panapofaa. Shiru alisimama na mafaili yake akiwasikiliza hadi karani alipomwita kwa kesi iliyofuata.