Kaburi la Privatus

Evaresta alitoka Isingiro alfajiri kwa bodaboda, akafika Kayanga vumbi limempaka hadi kope. Shida yake ilikuwa moja tu: jina la kaka yake, Privatus, liingie kwenye orodha ya waliokufa vita vya Kagera. Dokta Rwezaura, mwanahistoria, alikuwa anazungumzia kitabu chake cha vita hivyo katika jengo la baraza la zamani. Orodha ilikuwa kurasa za mwisho, na Privatus hakuwemo.

Jengo lenyewe sasa! Hapa ndipo wanamgambo walipokusanyika mwaka sabini na nane, naye, binti wa miaka kumi na minne, akasukumana na watu wazima ili amwone kaka yake. Privatus alimpigia mbinja, akacheka, akapanda lori. Leo pamejaa viti vya plastiki na soda, lakini Evaresta aliyaona malori yale yale.

Walimngoja zaidi ya mwaka. Hakurudi, wala maiti haikuletwa. Wazee wakafanya kama ilivyo desturi: wakakata mgomba, wakauvika sanda, wakauzika kibanjani, kwenye shamba la nyumbani, kwa jina lake.

Dokta akavaa miwani, akasoma maneno ya mwanamgambo mmoja aliyeomba asitajwe jina.

"Nililazwa Mbarara muda mrefu. Niliporudi, nilisimama kwenye migomba nikaona msalaba una jina langu. Mama anapalilia kaburi huku analisimulia habari za majirani. Mdogo wangu kavaa shati langu la kijani, linamfika magotini. Aliyezikwa hivyo haingii nyumbani mpaka waliomzika waufukue mgomba kwa mikono yao. Na ningewatokeaje ghafla, mama azimie? Nikageuza."

Evaresta alisimama, soda ikamwagika. Shati lile alilivaa mpaka likamchanikia mgongoni.

"Dokta! Huyo mtu yu hai?"

"Yu hai, mama. Analima kahawa ng'ambo, Uganda."

"Ni kaka yangu! Kichwa ngumu yule, tangu utoto!" Alilia mbele ya watu wote, hasira na furaha vikigombania koo moja.

Dokta alitoka nje na simu, akaomba ruhusa kwa mwenyewe, kisha akamwita Evaresta. Alikuwa amejiandalia maneno makali njia nzima hadi mlangoni. Aliposikia kikohozi simuni, likatoka moja tu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Eva." Wakahamia lugha ya kwao, Kinyambo. "Mama yupo?"

"Alishatangulia. Na wazee wote. Waliokuzika nimebaki mimi."

Privatus akakohoa tena. "Basi nafasi ya kurudi imeshapita. Hata mgomba umeoza."

"Nitafukua udongo uliobaki. Niliutupia kwa mikono hii, kaka, nikilia. Nanunua jembe hapa hapa Kayanga. Wewe panda gari."