Emine Ametajwa Mwello

Jumatatu moja ya Februari 2023, Auma alikuwa akimpimia mteja unga wa muhogo katika soko la Busia, Mugeni, mfanyabiashara mwenzake wa upande wa Kenya, alipomjia na simu mkononi.

"Mama Peace, si msichana wako yuko Uturuki?"

"Yuko. Anamtunza bibi mmoja mzee."

"Basi angalia hii."

Tetemeko la ardhi lilikuwa limepiga alfajiri. Maghorofa yalikuwa yamelaliana, na chini ya picha pameandikwa jina la mji: Antakya. Ndiko Peace alikokuwa. Auma akapiga namba ya mwanawe. Haikuita. Akapiga tena, na tena, kisha akafunga gunia na kurudi kijijini kwao Mwello, upande wa Uganda.

Siku ya nne Opendi, ndugu wa marehemu mumewe, akaja na kuketi bila kuegemea kiti.

"Shemeji, watu wa ukoo wanauliza kama tulete turubai. Siku nne hizi."

"Turubai la nini?"

"La matanga."

"Nani amekufa?" Auma aliinuka, akachukua jembe. "Mimi nakwenda shambani. Mbegu za wimbi hazipandwi na watu waliokaa wakilia. Anayetaka kuja, aje na jembe lake."

Akina mama saba wa kanisani wakaja kweli. Walilima naye mpaka jua likawa kali, na hakuna aliyemwambia pole.

Lakini kusali kulimshinda. Kila alipoanza Sala ya Bwana, alifika "mapenzi yako yatimizwe", akaishia hapo. "Hapo siwezi," alimwambia Mungu waziwazi, amepiga magoti kando ya kitanda. "Nikisema nitakuwa nakudanganya. Lakini siondoki hapa." Akabaki amepiga magoti hivyo hivyo, mpaka miguu ikafa ganzi.

Jumamosi mchana simu ikalia. Namba ngeni.

"Mama, ni mimi."

Auma akakaa chini, pale pale kwenye mchanga wa uani.

Peace alieleza upesi upesi. Walikuwa ghorofa ya nne. Ngazi zilikuwa zimepasuka. Alimfunga bibi mgongoni kwa shuka, kama mtoto, akashuka naye gizani akipapasa ukuta. Simu ilibaki ndani. Sasa walikuwa kwenye hema uwanjani, kwenye baridi, na hii ilikuwa simu ya daktari.

"Rudi nyumbani," Auma akasema. "Nitauza ng'ombe. Rudi wiki hii."

"Mama, siwezi. Watoto wake wawili hawajapatikana. Hana mtu mwingine. Hakubali kula mpaka nimlishe mimi."

"Na ardhi ikitikisika tena?"

"Inatikisika kila siku, Mama. Nikimwacha, nitakuja kukaa hapo kwako nikikutazama usoni namna gani?"

Auma alitaka kugomba. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Akasikia nyuma ya sauti ya mwanawe mtu mzee akiita, na Peace akimjibu kwa lugha ambayo Auma hakuijua, polepole, kwa upole mwingi. Yule hakuwa tena msichana aliyelia siku Auma alipomsindikiza uwanja wa ndege.

"Anaitwa nani huyo bibi?"

"Emine."

"Mfunike vizuri," Auma akasema. "Na wewe ule."

Jumapili, baada ya nyimbo, Auma alisimama mbele ya kanisa amevaa gomesi, gauni lake la sikukuu. Opendi, aliyekuwa amekaa nyuma, alianza kupiga makofi kabla Auma hajasema neno.

"Mtoto wangu ni mzima," akasema. "Ningeweza kumwita arudi. Amekataa, na mimi nimemkubalia. Amembeba mama wa watu mgongoni kushuka ghorofa nne, na hajamtua. Huyo ni binti wa Mwello." Akainua kichwa. "Yule mama anasali kwa dini yake, nasi tunasali kwa yetu. Leo tumwombee. Jina lake Emine. Semeni."

"Emine," kanisa likaitika, wengine wakilikosea.

"Tena. Lisemeni vizuri."

Wakalisema tena, kwa sauti kubwa.