Miguu Isiyovunjika

Ukuta mmoja wa karakana ya fundi wa miguu ya bandia ulijaa miguu ya watoto. Ilikuwa ya mbao ngumu, imepigwa msasa na mafuta hadi ikang'aa. Watoto walipokua, wazazi waliirudisha, naye akaitundika. Mteja akiuliza habari za uimara, fundi alinyoosha kidole ukutani: hakuna hata mmoja uliorudi umevunjika. Hakuwa na tangazo jingine. Kizuri chajiuza.

Kuchonga mguu mmoja kulimchukua wiki nyingi, na mtoto hangoji, anakua. Kwa hiyo fundi aliuchonga mrefu kuliko kipimo, kisha akakiinua kiatu cha mguu mzima kwa tabaka za raba. Mtoto akirefuka, fundi anabandua tabaka moja, kama mama anavyofumua pindo la sketi ya shule.

Mjukuu wake, waliyemwita Chiriku kwa jinsi asivyonyamaza, alizaliwa bila mguu wa kushoto chini ya goti. Tangu aanze kusimama, kila hatua yake ilikuwa imechongwa na babu yake. Mguu wa sasa ulikuwa unakaribia kumbana, na mwingine ulikuwa tayari umebanwa mezani kwenye jiliwa, wa mti bora kuliko yote.

Ndipo binti yake fundi, mama yake Chiriku, mhandisi wa chuo, akaingia na mguu wa plastiki ya bluu uliotoka kwenye printa ya kuchapa vitu.

Fundi akaupima uzito mkononi. Akaugonga kwa kucha.

"Huu mguu au kopo?"

"Mguu, Baba. Umetoka kwa siku moja."

"Hata uyoga huota kwa siku moja, mwanangu. Umewahi kuona uyoga umebeba mtu?"

"Mtu mzima ataupasua, nakubali. Lakini Chiriku mwepesi."

"Chiriku mjukuu wangu, si panya wa maabara."

Haukuwa wivu. Fundi aliubana mguu ule, akaupinda, akausikiliza ukilia. Kikombe cha kuingizia goti kilikwaruza, kifundo kililegea, gamba la nje lingepasuka pale pembeni. Kila kasoro aliyoitaja ilikuwa ya kweli, na binti yake hakubisha hata moja. Aliomba jambo moja tu: mtoto aujaribu. Ukishindwa, hatauleta tena.

"Na usiposhindwa?"

"Basi miguu ya watoto hutachonga tena, Baba. Utabaki na wakubwa."

Fundi akacheka. Aliuona ushindi uko mlangoni.

Mwezi haukuisha. Chiriku alikuja amebebwa mgongoni na mama yake, mkononi ana mfuko, na ndani ya mfuko mguu wa bluu umepasuka pale pale pembeni.

"Nilisema! Sikusema?"

"Ulisema, Baba."

"Pole, Chiriku wangu. Umeumia?"

"Nimechubuka kidogo tu, Babu. Nilikuwa wa tatu kutoka mwisho!"

"Mwisho wa nini?"

"Wa mbio."

Fundi akamkalisha juu ya meza ya kazi. "Mbona kwa mguu wangu hukukimbia?"

 Chiriku akamtazama mama yake, akatazama jiliwa.

"Wako mzuri mno, Babu. Nikiuvunja si utaanza kuchonga upya, na mgongo wako unauma? Huu Mama anabonyeza tu. Halafu huu hautaki kile kiatu kinene; nikikimbia nacho kinaniangusha."

Fundi akageuka. Akashusha mguu mmoja ukutani, akautazama wayo wake wenye soli ya raba. Michirizi ya raba ilikuwa kama ilivyotoka dukani. Akashusha wa pili, na wa tatu. Kiatu cha mtoto anayecheza hakimalizi muhula. Hilo analijua kila mzazi. Miguu hii haikuwa imeshinda mbio. Ilikuwa imekaa kitako pembeni ya uwanja, ikitunzwa, na yeye kwa miaka yote aliusoma ushahidi ule kinyume.

"Baba," binti yake akasema taratibu, "sikuja kukusuta."

"Najua. Ungetaka kunisuta ungekuja na mama yako."

Akafungua jiliwa, akautoa ule mguu mpya, akauweka rafuni. Kisha akatoa chini ya meza kiatu kinene ambacho Chiriku alikiacha pale alipoanza kuvaa mguu wa bluu, akachukua kisu, akazikata tabaka zote kwa mara moja, mpaka kiatu kikabaki kiatu.

"Baba! Akihitaji kurudia wa mbao je?"

"Kachape mwingine. Gamba liongeze unene pembeni, nilikuambia hukusikia." Akamvalisha mjukuu wake kiatu, akafunga kamba mwenyewe. "Na wewe, bibi mdogo, nisikilize. Huo mpya wa bluu usiponiletea umevunjika kabla ya likizo, mimi na wewe tutagombana."

Chiriku akafikiri.

"Vipande vingapi, Babu?"